Utangulizi: Filamu Inapojisimulia

Somo tunaloliingia linahusu filamu zinazosimulia utengenezaji wa filamu: mwigizaji anaigiza mwigizaji, mwongozaji anajiweka ndani ya hadithi, kamera inaonekana ikifanya kazi. Nimeliandika nikiwafikiria vijana wa Gatete na wa mwambao wote wa Rumonge, nchini Burundi. Huku Kiswahili ni lugha ya soko la samaki na la mawese, na familia nyingi zilirudi nacho kutoka Tanzania, zilikokimbilia baada ya mauaji ya 1972. Lugha hiyo ndiyo inayotufungulia filamu za Dar es Salaam, za akina Steven Kanumba, na pia filamu za kigeni zilizosimuliwa upya.

Kwa hiyo usidhani somo hili ni geni kwako. Aliyewahi kumsikia Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, akisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu ya Marekani au ya Hong Kong anajua tayari jinsi filamu inavyoweza kujitaja yenyewe. Msimulizi wa namna hiyo hajifichi. Anafafanua, anatania, anawapa wahusika majina ya kwetu, na wakati wote unakumbuka kwamba mbele yako kuna kitu kilichotengenezwa. Vyuo vingi vinalifundisha jambo hili kwa kuanzia Ulaya; mimi naona ni haki tuanze na Lufufu.

Hoja yangu ni hii. Filamu nyingi zinazojisimulia huahidi kutupeleka nyuma ya kamera, kisha hutuonyesha yale tu yanayompendeza mwenye kamera. Ndoto inaonekana, na hangaiko la mwongozaji linaonekana sana. Malipo, mkataba na maisha ya mwigizaji baada ya filamu kutoka havionekani.

Dosari hiyo hujitokeza waziwazi zaidi mahali ambapo wengi wetu tunaona haya hata kupataja: tasnia ya filamu za ngono, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake katika bonde la San Fernando, karibu na Los Angeles. Hadithi ya watu wanaotengeneza filamu kama hizo ni rahisi kwa tasnia yenyewe, kwa kuwa jukwaa, taa na kamera vipo tayari. Mtazamaji anaambiwa kwamba sasa anaona ukweli, kumbe ameongezewa onyesho jingine. Swali la iwapo mwanamke aliye mbele ya kamera angeweza kukataa, na kukataa kungemgharimu nini, haliulizwi. Lilipoulizwa kwa uzito, aliyeuliza alitoka nje ya tasnia: Ninja Thyberg wa Uswidi, katika *Pleasure* ya 2021, ambamo wengi wa waigizaji walikuwa wafanyakazi halisi wa tasnia hiyo. Msomi asiyetaka kuligusa eneo hili kwa sababu ya aibu anawaacha wanawake hao bila mtetezi.

Bara letu limetoa mfano ambao mimi naona haujapitwa. Mwaka 1999 Mahamat-Saleh Haroun alitengeneza *Bye Bye Africa*, akajiigiza mwenyewe: mwongozaji anayerudi N'Djamena baada ya kufiwa na mama yake na kukuta majumba ya sinema yameharibika. Hapo anakutana na Isabelle, mwanamke aliyeigiza mgonjwa wa UKIMWI katika filamu yake ya awali. Watu waliamini anaugua kweli. Wamemtenga, maisha yake yameharibika, na mwishowe anajiua. Isabelle ni mhusika wa kubuni, lakini lawama anayoibeba Haroun si ndogo, kwa sababu amempa mtengwa jina, uso na sauti, akakubali kuonekana mwenye hatia ndani ya filamu yake mwenyewe. Ni wachache wanaothubutu kufika hapo.

*Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni ya upole zaidi. Kijiji kizima cha Kenya kinashirikiana kutengeneza filamu ya shujaa kwa ajili ya Jo, msichana mdogo ambaye ugonjwa wake hauponi. Naipenda, na bado naiuliza: katika kijiji kile, nani analipia chochote? Filamu yenyewe ilitokana na mradi uliopata msaada kutoka Ujerumani, lakini filamu ya wanakijiji ndani yake inaelekea kuzaliwa kwa mapenzi matupu. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ana jibu la vitendo. Katika *Who Killed Captain Alex?* ya 2010, sauti ya msimulizi VJ Emmie inaisifu filamu huku ikiendelea, silaha zimeundwa kwa vyuma chakavu, na majirani walioigiza waliiuza nakala kwa nakala. Umaskini wa kazi haukufichwa; ukawa sehemu ya utamu wake.

Na Burundi? Filamu yetu ndefu ya kwanza ya kubuni, *Gito l'ingrat* ya Léonce Ngabo, ilitoka 1992. Mwaka uliofuata Rais Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Ngabo huyohuyo ndiye aliyeanzisha tamasha la filamu la FESTICAB mwaka 2009. Kati ya 1992 na 2009 kuna habari ya waigizaji, mafundi na watazamaji ambayo inastahili filamu yake, na ningefurahi ikitengenezwa na mtu wa mwambao huu.

Sura ya kwanza inaanza na Haroun. Ukiipata filamu yake, itazame mara mbili. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili mfuate Isabelle peke yake, na kila anapoonekana uandike ni nani aliyeshika kamera.