Turbo kwenye pikapu iliyowekewa 1HZ: Mambo 4 ya kupanga kwanza

Pikapu imeshabadilishwa injini, imewekewa 1HZ ya Toyota, na sasa mwenyewe anataka turbo. Asipopanga vizuri, anaweza kuiua injini mapema.

Kwa nini? 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, iliyotoka kiwandani bila turbo. Mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyoundwa na turbo, ni 18.6 kwa 1. Ikisukumiwa hewa na dizeli nyingi, 1HZ hupata joto kali, na pistoni au gasketi ya hedi ndiyo huumia.

Ya kupanga:

1. Presha: iwe ndogo. Hii si gari ya mashindano.

2. Geji ya joto la ekzosi: ifungwe kabla fundi hajaongeza dizeli kwenye pampu.

3. Oili: turbo hutegemea oili ya injini. Bomba la kurudisha literemke moja kwa moja, lisibanwe.

4. Rejeta na klachi: nguvu ikiongezeka, navyo vinabeba mzigo.

Bajeti haitoshi vyote? Bora turbo isubiri.