Sura ya Tano: Pale Maandiko Yanaponyamaza

Hakuna kanisa la Kikristo, kubwa au dogo, la kale au lililoanzishwa juzi chini ya mwembe, lisilodai kwamba linafuata Maandiko Matakatifu. Na maadamu wote hudai hivyo, dai lenyewe halitufunulii mengi juu ya anayelitoa. Linalofunua zaidi ni jambo la pili, ambalo aghalabu halitajwi mimbarani, nalo ni hili: kanisa hutenda nini pale ambapo Maandiko hayakuamuru wala hayakukataza? Yaliyoamriwa waziwazi, kama kumpenda jirani na kuikumbuka meza ya Bwana, taabu yake imo katika kuyatenda, si katika kuyajua, na yaliyokatazwa waziwazi, kama wizi na uzinzi, hayahitaji mkutano wa maaskofu. Lakini kati ya amri na katazo pana uwanja mpana mno, wenye vinanda na mishumaa, mavazi ya makasisi na siku za saumu, ubatizo wa watoto wachanga, vyeo vya wazee na maaskofu, ngoma, mahari na mazishi. Na katika uwanja huo ndimo walimoachana njia watu walioshika kitabu kimoja.

Mji ulioijaribu habari hii mapema na kwa ukali kuliko miji mingi ni Zürich, katika nchi ya Uswisi. Tarehe 1 Januari 1519, Huldrych Zwingli, kasisi mpya wa kanisa la Grossmünster, aliuweka kando mpango wa masomo ya Jumapili uliorithiwa kwa wazee, akaanza na Injili ya Mathayo tangu mlango wa kwanza, akaendelea nayo kwa mfuatano mpaka ikaisha. Laonekana jambo dogo, walakini ndilo lililozaa mengine yote, kwa sababu mhubiri anayejichagulia aya aweza, hata bila ya nia mbaya, kuwa kama mdai aendaye kwa kadhi ilhali hukumu amekwisha kuiandika nyumbani. Lakini yule anayefuata mwendo wa kitabu hukutana, atake asitake, na maneno ambayo angependa kuyapita usiku.

Miaka mitatu baadaye, katika Kwaresima ya 1522, mpiga chapa Christoph Froschauer na wafanyakazi wake walikula soseji zilizokaushwa kwa moshi, siku ambazo nyama ilikuwa haramu kwa sheria ya kanisa. Zwingli alikuwapo, wala hakula. Lakini baada ya siku chache alipanda mimbarani kuwatetea waliokula, na hotuba yake ikapigwa chapa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuibeba: saumu ni njema kwa atakaye, ila haiwezi kufanywa faradhi na mwanadamu, kwa kuwa Maandiko hayakuifaradhisha. Ghasia iliyofuata ililifanya baraza la mji liitishe mdahalo tarehe 29 Januari 1523, ukahudhuriwa na watu wapatao 600. Zwingli alileta hoja 67, na mbele yake palikuwa na Biblia za Kiebrania, Kiyunani na Kilatini. Johann Faber, mjumbe wa askofu wa Konstanz, alishikilia kwamba mambo ya namna hiyo si ya kuamuliwa na mji mmoja, bali yangoje mtaguso wa kanisa zima. Baraza likatoa amri kuwa wahubiri wote wahubiri yale tu yanayoweza kuthibitishwa kwa Maandiko. Msomaji mwangalifu hatakosa kutabasamu hapa, maana kitabu kilifanywa hakimu juu ya kanisa, lakini waliokiketisha kitini walikuwa madiwani, na madiwani, kama tutakavyoona, hawakuondoka chumbani baada ya kazi hiyo.

Kutoka katika amri ile ilichomoza kanuni ambayo warithi wa Zwingli waliishika kwa karne nyingi: katika ibada ya Mungu, lisiloamriwa na liondolewe. Mwaka 1524 sanamu zilitolewa makanisani, tena kwa utaratibu, kwa mikono ya mafundi. Mwaka 1525 misa ilikomeshwa. Na mwaka 1527 kinanda cha Grossmünster kilivunjwa. Habari ya kinanda yataka kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu Zwingli hakuwa mtu mkavu asiyejua utamu wa sauti. Alikuwa stadi wa ala nyingi, mtungaji wa nyimbo, na pengine mwanamuziki bora kuliko warekebishaji wenzake wote. Hata hivyo ibada ya Zürich ilibaki bila ya wimbo mpaka mwaka 1598, zaidi ya miaka 60 tangu yeye kuuawa vitani. Mtu anaweza kumshutumu kwa ukali, lakini hawezi kumshutumu kwa unafiki, kwa kuwa aliyaacha Maandiko, jinsi alivyoyasoma, yamnyang'anye kile alichokipenda. Mimi nadhani alisoma vibaya, kwani Zaburi ya mwisho inataja matari na zeze na matoazi katika kumsifu Mungu. Lakini namheshimu msomaji aliyekubali kupata hasara kwa ajili ya usomaji wake kuliko yule ambaye kila asomapo hutoka na faida.

Kanuni ni kanuni, na mwenye kuinoa hawezi kuchagua itakapokata. Baadhi ya vijana waliojifunza kwa Zwingli, wakiwamo Conrad Grebel na Felix Manz, wakamwuliza swali alilowafundisha kuuliza: ni wapi Maandiko yalipoamuru kubatiza watoto wachanga? Zwingli hakuwa na aya ya kuwaonyesha. Akajenga hoja kwa kulinganisha: tohara ilikuwa dalili ya agano la Ibrahimu na watoto walitahiriwa, na ubatizo ni dalili ya agano lile lile, basi watoto na wabatizwe. Hoja hiyo si dhaifu, na makanisa mengi yanaisimamia hata leo, lakini ni hoja ya akili inayozaa hukumu kutokana na maana ya Maandiko, si amri inayosomwa kwa kidole. Na yeye aliyeidai amri kwa kinanda hakuweza kuidai kwa ubatizo. Tarehe 21 Januari 1525 wale vijana walibatizana upya wakiwa watu wazima. Tarehe 5 Januari 1527 baraza la mji, lile lile lililoamuru Maandiko yawe hakimu, lilimzamisha Manz katika mto Limmat akafa.

Wengine walipita njia tofauti. Martin Luther kule Wittenberg aliona kwamba lisilopingana na neno la Mungu laweza kubaki, na ndiyo maana Walutheri wana mishumaa na picha na nyimbo tele hadi leo. Waingereza nao, katika Vifungu 39 vilivyokamilishwa mwaka 1571, waliandika kwamba lolote lisilosomwa katika Maandiko wala kuthibitishwa kwayo, mtu asilazimishwe kuliamini kana kwamba ni sharti la wokovu. Lakini papo hapo wakalipa kanisa uwezo wa kuweka kaida za ibada, ili mradi zisihalifu neno lililoandikwa. Nisije nikadhaniwa kusema kwamba ugomvi wote umo katika ukimya tu: mwaka 1529 Luther na Zwingli walikutana Marburg, wakaafikiana katika vifungu 14 kati ya 15, wakashindwana katika meza ya Bwana, jambo ambalo Maandiko hayakulinyamazia hata kidogo. Hata hivyo aghalabu ni ukimya unaowagawanya watu.

Kanuni hizi zilivuka bahari pamoja na wamisionari, zikafika kwetu zikiwa zimevaa nguo za nyumbani kwao. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakatunga mpango wa ushirikiano ambao msingi wake wa kwanza ulikuwa kuyakubali Maandiko kuwa kanuni kuu ya imani na matendo. Na Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi kwa sababu ya mpango huo. Lakini Waafrika waliokuwa wakisoma Biblia kwa lugha zao wenyewe walikuwa na maswali mengine kabisa. David Barrett, katika kitabu chake cha 1968 kilichochunguza makanisa na vikundi huru vya Kiafrika vipatavyo 6,000, alionyesha kwamba Biblia iliyotafsiriwa katika lugha ya wenyeji ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kutokea kwa makanisa hayo, maana msomaji alipata mizani ya kumpimia mmisionari mwenyewe.

Swali lililopimwa sana ni la wake wengi. Wazee walisoma habari za Ibrahimu na Yakobo, na za Elkana aliyewaoa Hana na Penina, wasione mahali Mungu alipowakemea kwa hesabu ya wake zao. Wakasoma Paulo akimtaka askofu awe mume wa mke mmoja, wakauliza kwa haki kwa nini sharti la askofu liwe sharti la kila mtu abatizwaye. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikuwa wameamua kuwa mwenye wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho mpaka hali yake ibadilike, ingawa wake zake wangeweza kukubaliwa katika baadhi ya hali. Matokeo yalijulikana vijijini kabla ya kujulikana London: mwanamume aliyetaka ubatizo alimrudisha kwao mama wa watoto wake, na kanisa likaita jambo hilo toba.

Ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ina msingi wake katika maneno ya Yesu juu ya wawili kuwa mwili mmoja, hilo silipingi. Lakini maneno hayo ameyasema akijibu swali la talaka, na anayeyatumia kumfukuza mke ameipasua aya akachukua nusu. Juu ya nini atendewe mtu aliyeoa wengi kabla ya kuisikia Injili, Maandiko yamenyamaza, na kanisa la 1888 liliujaza ukimya ule kwa desturi ya nchi moja, kisha likaupa jina la sheria ya Kristo. Mitume walipokutana Yerusalemu juu ya watu wa Mataifa hawakufanya hivyo: walisikiliza yaliyowapata Petro na Paulo na Barnaba, Yakobo akayapima kwa maneno ya nabii Amosi, kisha wakaazimu wasiwatwike watu mzigo usio wa lazima. Mwaka 1988, baada ya miaka 100 kamili, mkutano wa Lambeth uliamua kwamba mwenye wake wengi aweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake waaminio, aahidi kutooa mwingine maadamu wake alio nao wangali hai, wala asilazimishwe kumwacha hata mmoja. Kwa hukumu yangu, mkutano huu wa pili uliyatii Maandiko kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa uliisoma aya ile mpaka mwisho.