Gari na Bei ya Bima: Kinachohesabiwa na Kisichohesabiwa

Majirani wawili wenye magari yaliyoundwa mwaka uleule na kushushwa pamoja katika bandari ya Mombasa wanaweza kulipia bima bei tofauti kabisa, na kila mmoja akadhani amepunjwa. Mara nyingi hakuna aliyepunjwa. Tofauti imo katika magari yenyewe.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo kila gari lazima iwe nayo kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria za Kenya, haijali sana gari ni la aina gani. Gari dogo la kibinafsi hulipiwa ada maalum, liwe kuukuu au jipya. Lori hutazamwa uzito wa mzigo, na matatu idadi ya abiria. Bima hii hulipa madhara wanayopata watu wengine. Gari la mwenyewe likibondeka, gharama ni yake.

Sifa za gari huanza kuwa na uzito katika bima kamili. Hapa kampuni huchukua thamani ya gari na kuizidisha kwa asilimia fulani. Tuseme gari lina thamani ya Sh1,200,000 na kampuni inatoza asilimia 4. Ada ni Sh48,000. Huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada hiyo, mchango wa Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa Sh40. Jumla ni Sh48,256. Anayedaiwa zaidi ya hapo ana haki ya kuuliza kila shilingi ni ya nini.

Kwa kuwa thamani ndiyo msingi, wapo wanaoishusha makusudi. Mwenye gari hilo akisema lina thamani ya Sh800,000, atalipa ada ya Sh32,000 na kuokoa Sh16,000. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachoruhusu kampuni kulipa kwa uwiano. Gari limewekewa bima ya theluthi mbili ya thamani yake, basi hata fidia ni theluthi mbili. Ajali ikihitaji matengenezo ya Sh300,000, kampuni inahesabu Sh200,000, na Sh100,000 zinamrudia mwenyewe, mbali na kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hubeba katika ajali. Kupandisha thamani nako hakusaidii. Gari likiharibika kabisa, hulipwa bei yake ya sokoni wakati wa ajali. Dawa ni kulipeleka kwa mthamini aliyeteuliwa na kampuni, na kufanya hivyo tena bima inapohuishwa, kwa maana thamani hushuka kila mwaka.

Umri wa gari huwashangaza wengi. Gari kuukuu lina thamani ndogo, kwa hivyo mtu hutarajia ada ndogo. Lakini kampuni nyingi zina kiwango cha chini zisichokishusha. Gari la Sh450,000 kwa asilimia 4 lingelipiwa Sh18,000. Kiwango cha chini kikiwa Sh25,000, ndizo zitakazolipwa. Na gari likishapita umri ambao kampuni imejiwekea, hukataliwa bima kamili na kubakishiwa ya mtu wa tatu. Anayenunua gari la mtumba afadhali aulize jambo hili kabla ya kutoa pesa, si baada.

Vipuri vina neno lao pia. Gari ambalo taa na bampa zake hupatikana katika kila duka la mjini ni rahisi kulitengeneza. Lile ambalo taa yake huagizwa ng'ambo hukaa gereji wiki kadhaa, na kampuni huweka gharama hiyo ndani ya asilimia inayotoza.

Upande wa wizi, kifaa cha kufuatilia gari ndicho chenye faida inayoonekana. Mikataba mingi ya magari ya kibinafsi humkata mwenye gari asilimia 10 ya thamani gari likiibwa likiwa na kifaa hicho, na asilimia 20 likiwa halina. Kwa gari la Sh1,200,000, hiyo ni Sh120,000 au Sh240,000. Kifaa ambacho ada yake ya mwaka haikulipwa na kikazimwa kinaweza kuhesabiwa kama hakipo.

Mifuko ya hewa na breki za kisasa huokoa maisha, na hiyo ni sababu tosha ya kuzitafuta, ila hapa Kenya ni nadra kuziona zikipunguza ada. Wakati mwingine huongeza gharama: kioo cha mbele chenye kamera ni ghali kuliko kioo cha kawaida, ilhali fidia ya kioo huwa na kikomo kilichoandikwa katika mkataba. Kikomo hicho kinaweza kuongezwa kwa ada kidogo.

Mabadiliko yoyote yaliyofanyiwa gari, kama injini nyingine, rimu kubwa au redio ya bei, yanafaa kuandikwa katika fomu. Vivyo hivyo matumizi: gari lililosajiliwa katika bima kuwa la kibinafsi, kisha likabeba abiria wa kulipa jioni, linaipa kampuni sababu ya kukataa fidia yote. Kosa hili ndilo chungu kuliko yote, kwani mhusika huligundua akiwa tayari amepata hasara.

Mwenye gari asiyeridhika na jibu la kampuni anaweza kupeleka malalamiko, pamoja na nakala ya mkataba na barua walizoandikiana, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.