Dawa ya kifafa haitaki kukatika

Katika kaya nyingi za vijijini, mtu mwenye kifafa haachiwi sufuria la ugali. Hatumwi mtoni peke yake, hapandi mwembe, na usiku hulala mbali na moto. Makovu ya mikononi na usoni yanaeleza sababu. Wapo wanaoamini kwamba aliyekwisha kuangukia motoni haponi tena, na kwamba mate au ushuzi wa mtu aliyeanguka huambukiza. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua mbele ya watu wazima, kila mmoja akimngoja mwenzake amguse.

Mahenge, wilayani Ulanga mkoani Morogoro, inaijua habari hii kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Wagonjwa aliowakuta walikuwa wakiogopwa na kutengwa. Aliwaanzishia fenobabitali, dawa ambayo faida yake kwa kifafa ilijulikana tangu 1912, na wengi wao wakapata nafuu. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Hali hiyo ilikuja kujulikana sana miongo kadhaa baadaye, ilipowapata watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Kwa nini Mahenge? Milima ile ina mito yenye maji ya kasi, na huko ndiko wanakozaliana inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo. Utafiti umeonesha kwamba penye usubi mwingi na kifafa huwa kingi, ingawa namna minyoo yake inavyosababisha kifafa bado inachunguzwa. Katika vijiji vilivyopimwa mwaka 2017 walipatikana zaidi ya watu 20 wenye kifafa katika kila 1,000. Kingatiba ya usubi, ivermektini, imekuwa ikigawiwa huko tangu 1997, na kuanzia 2019 ikawa mara mbili kwa mwaka. Mzazi anayekataa mtoto wake asimezeshwe dawa hiyo na ajue anakataa nini.

Lakini kifafa si cha Mahenge peke yake. Malaria kali utotoni, uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu, ajali ya kichwa na mabuu ya tegu wa nguruwe yakifika kwenye ubongo, vyote huweza kukileta popote. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta takriban theluthi mbili ya wenye kifafa hawako kwenye tiba. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Basi kinachokwamisha ni nini? Si bei ya kidonge. Fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa, ila iko chini ya udhibiti wa dawa za kulevya na uagizaji wake una taratibu zake. Mgonjwa anakopa nauli ya bodaboda, anafika kituoni, anaambiwa dawa zimeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo nauli haipo. Anarudi kwa mganga, na sioni ajabu: mganga hana siku ya kukwambia dawa zimeisha.

Wengine huacha dawa wenyewe. Miezi sita hajaanguka, anaona amepona. Mtoto naye vidonge vinamsinzisha darasani, mwalimu anamwita mvivu, mzazi anavificha. Hapo ndipo pa hatari, kwa sababu dawa ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, na huko watu hufa. Dozi ikisumbua, mwenye kuipunguza au kuibadilisha ni daktari. Mwanamke anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na anafikiria kubeba mimba amwone daktari mapema, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akianguka mtu mbele yako, mwondolee vitu vya hatari, mweke kitu laini chini ya kichwa na umlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Degedege likipita dakika 5, mpelekeni hospitali. Na nyinyi wa halmashauri mnaoagiza dawa za vituo, wekeni dawa za kifafa kwenye oda kabla kopo la mwisho halijafunguliwa.