LISHE NA KINGA YA MWILI: FUNZO LILILOPATIKANA MWANZA

Ndugu msomaji, uwe mkazi wa Kisesa, pale kwenye barabara iendayo Musoma kutoka Mwanza, au uwe wa kwingineko, bila shaka umepata kumwona mtu akikonda hata nguo zikampwaya. Na bila shaka umewasikia jamaa zake wakisema, "Tumlishe kwanza, nguvu zikimrudia tutampeleka hospitali." Maneno hayo yametoka katika moyo wa huruma. Lakini je, yana ukweli? Swali hilo linakaribiana sana na lile ambalo mwanasayansi mmoja wa lishe, Profesa Suzanne Filteau wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, alilichunguza pamoja na wenzake wa Mwanza.

ASKARI WENYE NJAA

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mwili una askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Askari hawa hufa na kuzaliwa kila siku, na ili wazaliwe wengine mwili wahitaji protini, vitamini, na madini kama vile chuma na zinki. Mtu mwenye utapiamlo ana askari wachache tena dhaifu, kwa hiyo huugua upesi. Naye akisha kuugua, homa humwondolea hamu ya kula, kuhara humpotezea hata kile kidogo alichokula, na mwili huanza kuila misuli yake wenyewe. Njaa huzaa ugonjwa, na ugonjwa huzaa njaa.

Profesa Filteau alitumia miaka mingi kuufuatilia mzunguko huo. Mwaka 1993 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa kaskazini mwa Ghana. Walionyesha kwamba ugonjwa wenyewe hushusha kiwango cha vitamini A katika damu. Maana yake ni kwamba ukimpima mtoto aliye mgonjwa, damu yaweza kukudanganya juu ya chakula anachokula.

Mwaka 1999 ikafuata kazi iliyofanyika hapa Tanzania, miongoni mwa akina mama wanaonyonyesha. Baadhi yao walipewa mafuta mekundu ya mawese, na wengine mafuta ya alizeti. Ilionekana kwamba mafuta ya alizeti, yenye vitamini E kwa wingi, yalipunguza dalili za uvimbe uliojificha ndani ya matiti, ambao mama mwenyewe hausikii. Mafuta ya mawese hayakuleta nafuu hiyo.

JARIBIO LA MWANZA NA LUSAKA

Kazi iliyo kubwa kwetu ilifanyika kati ya mwaka 2011 na 2013, katika miji ya Mwanza na Lusaka, Zambia. Kwa upande wa Mwanza ilisimamiwa na Dk. George PrayGod wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Walioshiriki walikuwa watu wazima 1,815 wenye virusi vya UKIMWI, waliokonda sana, na ambao walikuwa karibu kuanza dawa za kupunguza makali. Kukonda huko ni kama mtu mwenye urefu wa sentimita 165 kuwa na uzito wa chini ya kilo 50 hivi.

Wote walipewa chakula maalumu chenye mafuta mengi: gramu 30 hivi kwa siku hapo mwanzo, na baadaye gramu 250 baada ya kuanza dawa. Tofauti ilikuwa moja tu. Chakula cha kundi moja kiliongezwa vitamini na madini kwa wingi, na cha kundi la pili hakikuongezwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika kundi lisiloongezewa walifariki watu 181, na katika kundi lililoongezewa 184. Chembe za kinga ziitwazo CD4 zilipanda kidogo zaidi kwa walioongezewa, lakini mauti hayakupungua. Mtu mmoja katika kila watano alikuwa amekwisha kufa kabla ya kutimiza wiki 12 za dawa.

TUJIFUNZE NINI?

Msomaji asije akasema kwamba basi chakula hakina faida. Hapana. Kilichopimwa ni nyongeza ya vitamini na madini, na waliopewa walikuwa watu ambao wengi wao ugonjwa ulikwisha kuwatafuna sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haukujengeka kwa vitamini.

Kisesa yenyewe yaijua gharama ya kuchelewa. Watafiti wamekuwa wakiifuatilia afya ya kata hiyo tangu mwaka 1994. Mwaka 2005, dawa za UKIMWI zilipoanza kupatikana, mgonjwa wa Kisesa alitakiwa kusafiri kilomita 20 hivi hadi hospitali ya mjini Mwanza. Kliniki ya hapo Kisesa ilifunguliwa mwaka 2008. Na tangu mwaka 2016 utaratibu wa nchi yetu ni kumwanzishia dawa kila anayegundulika, bila kungoja chembe za kinga zishuke.

Kwa hiyo, mama na baba wa nyumba, dawa na sahani viende pamoja. Mezani tuweke dagaa wa ziwa letu, maharage, karanga, mchicha na kisamvu. Michembe ya viazi vyeupe hushibisha, lakini kwa vitamini A haivifikii viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Hayo tuyafanye tungali wazima, wala tusingoje mtu aanze kukonda.

Na akikonda, tusimfiche nyumbani tukimpikia uji kwa wiki na miezi. Apelekwe kupimwa leo, na uji wake umfuate huko huko.