Wanaume Wachache, Akina Mama Wengi

Ukishuka Kwa Sadala, pale barabara ya Moshi–Arusha inapopokea ile inayoteremka kutoka Masama, huulizi soko ni la nani. Mikungu ya ndizi imelazwa chini, na nyuma ya kila rundo ameketi mama. Wanaume wako pembeni: bodaboda, wapakiaji, wauza nyama. Tangu enzi za mangi, yaani watawala wa jadi wa Wachagga, masoko ya Uchagani yalikuwa ya wanawake, na mwanamume kuzurura humo ilikuwa aibu. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Hata chama cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa ni ushirika wa wenye vihamba, mashamba ya ukoo, yaani wanaume.

Basi vijana wachache wa kijiweni wakiamua kuunda kikundi chao cha kuzikana na kuchangiana, wanakuta akina mama wametangulia. Vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa, viko kila kona, vikiwa na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na faini kwa mchelewaji. Mtindo wenyewe chimbuko lake ni vikundi vya wanawake wa Niger, vilivyoanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Kanisani nako, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, imekuwapo tangu 1972 na vitenge vyake unavitambua kwa mbali. Akina baba wa kuhudhuria vikao unawahesabu kwa vidole.

Kikundi kidogo kinajipenyezaje hapo? Wengi huanza na nyama choma: wanawaalika akina mama, kisha wanategemea haohao wapike ndizi na kuosha vyombo. Huo si urafiki, ni kibarua kisicho na malipo.

Mlango wenyewe ni msiba. Akina mama huja na ndizi, unga, majani ya chai na masufuria yao yaliyopakwa alama ya rangi yasije yakapotea. Kinachobaki ni turubai, kuni, maji, kuchinja na kuchimba kaburi. Katibu wa vijana mwenye akili hasubiri kuitwa, anapiga simu.

“Shikamoo mama. Sisi tupo, mnatupangia nini?”

“Marahaba mwanangu. Kuni zifike kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Na turubai lisiwe lile la juzi linalovuja.”

Kuni zikifika kwa wakati, jina la kikundi linatajwa kwenye kikao cha akina mama Jumapili inayofuata. Zikichelewa linatajwa pia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kwenye furaha kuna mbege, pombe ya ndizi. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewa ndilo linaloleta ule uchungu. Wapishi ni akina mama, na kazi hiyo inatafuta mikono ya kubeba mikungu na kupasua kuni. Kijana aliyekuja siku ya kuchemsha hupokelewa vizuri kuliko anayetokea siku ya kata ya pombe kuzunguka. (Walokole watanisamehe, kwao kazi ileile hufanyika kwa mtori, supu ya ndizi.)

Kuna la kuangalia. Wengi wa akina mama hawa ni wake za watu, na Kwa Sadala maneno hayachelewi kupanda hadi Masama. Mambo ya kikundi yapitie kwa viongozi, mchana, mbele ya watu. Ugomvi ukitokea, labda mchango ulioahidiwa haukuletwa, Mchagga ana jani la isale: anayelipeleka anaomba radhi, na kumkatalia ni jambo zito. Lakini lipelekwe pamoja na mchango.

Kukopa kwenye sanduku la akina mama kusubiri. Mimi ningekuwa mwenyekiti wa vijana hao, ningeanza na sanduku letu: kufuli tatu, funguo mbili kwetu, wa tatu kwa mweka hazina wa akina mama wa sokoni.