Maswali Matatu ya Kutambua Maradhi ya Masikio, Pua na Koo Katika Zahanati

Mji wa Mikumi uko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Kilosa, makao makuu ya wilaya, iko kwenye Reli ya Kati. Vijiji vinavyoizunguka miji hiyo hupata tiba ya kwanza katika zahanati, ilhali daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupatikana mbali, katika hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo, usikivu wa mtoto, na pengine uhai wake, hutegemea tabibu wa zahanati. Hata pale vifaa vinapokosekana, maswali matatu humwongoza vyema.

Sikio: limetoa usaha kwa siku ngapi?

Usaha uliotoka kwa muda usiofika siku 14 huashiria maambukizi ya ghafla, ambayo kwa mtoto hutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa. Ukifika siku 14 au zaidi, maradhi ni sugu, na kwa kawaida ngoma ya sikio imetoboka. Hapo dawa za kunywa hazisaidii sana. Tiba ni kulikausha sikio angalau mara tatu kwa siku, kisha kutia matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Mzazi afundishwe kusokota kitambaa safi kinachofyonza maji, akiingize taratibu, akitoe kikilowa na kuweka kingine hadi sikio likauke. Mafuta ya kupikia, maziwa ya mama na maji ya mtoni yasiingie sikioni.

Wazazi wengi huamini kwamba usaha huisha wenyewe mtoto akikua. Imani hiyo ina hatari: mtoto huendelea kupoteza usikivu, na darasani huonekana mzembe kumbe hasikii. Kila mgonjwa wa sikio aguswe na kutazamwa nyuma ya sikio. Uvimbe wenye maumivu mahali hapo ni dalili kwamba maambukizi yameingia katika mfupa, nayo yanaweza kufika kwenye ubongo. Mgonjwa huyo apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki na rufaa siku hiyohiyo.

Pua: ni tundu moja au yote mawili?

Kamasi jepesi la matundu yote mawili aghalabu ni mafua. Likifuatana na chafya na mwasho wa mara kwa mara, hudhaniwa kuwa mzio. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu mbaya katika tundu moja achukuliwe kuwa na kitu puani, kama vile punje ya hindi, haragwe au ushanga, mpaka ithibitike vinginevyo. Nafaka isimwagiwe maji, kwa kuwa huvimba. Betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea ni dharura, kwani huunguza nyama za pua ndani ya saa chache. Kwa mtu mzima, kuziba kwa tundu moja pamoja na damu au uvimbe shingoni huhitaji rufaa ili saratani ichunguzwe.

Koo: mgonjwa anameza na kupumua vizuri?

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na hayahitaji antibiotiki. Mtoto mwenye homa, utando mweupe juu ya tonsesi na tezi za shingo zinazouma, lakini hana kikohozi wala mafua, hudhaniwa kuwa na bakteria. Akiandikiwa penisilini ya kunywa, amalize siku 10 hata akipata nafuu mapema, kwa kuwa maambukizi hayo yakipuuzwa yanaweza kuharibu vali za moyo.

Anayedondokwa na mate, asiyeweza kufungua kinywa, au anayekoroma akivuta pumzi, asilazimishwe kupanua koo kwa kijiko. Akae wima na apelekwe hospitali mara moja. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu nayo ichunguzwe na bingwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika utambuzi. Afikapo zahanati, aeleze tatizo lilianza lini, liko upande gani, na ni dawa gani zimekwisha kutumika, zikiwemo za kienyeji. Tabibu ayaandike majibu hayo katika barua ya rufaa, ili safari ndefu ya kwenda hospitali isianze upya kwa kubahatisha.